Kabla hujageuza gramu kuwa atomu, angalia haya

Hesabu yenyewe ni mistari miwili: gramu gawanya kwa tungamo ya moli (gramu za moli moja ya kitu hicho), kisha zidisha kwa 6.022 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja. Majibu huharibika kabla kalkuleta haijawashwa, kwa hiyo tuanzie huko. Mfano wetu ni mita moja ya waya wa shaba wa 2.5 mm² (eneo la mkato wake), ule unaopelekwa kwenye soketi za nyumbani.

Menya waya kwanza. Ganda la plastiki lina uzito wake, na atomu zake si za shaba. Waya wa kusukia mota unaonekana mtupu kumbe umepakwa vanishi. Usugue kwa msasa mpaka ung'ae.

Mzani usome sifuri kabla hujaweka kitu. Pima waya ukiwa mkavu.

Jua unaulizwa nini. Kwenye shaba unahesabu atomu moja kwa moja, lakini gramu 18 za maji zina molekuli 6.022 × 10²³, na kila molekuli imebeba atomu tatu. Swali likitaka atomu, jibu ni 1.81 × 10²⁴. Wengi huishia kwenye molekuli na kufunga daftari.

Sasa densiti, yaani gramu zilizomo kwenye kila sentimita moja ya ujazo. Kama gramu unazo tayari, usiiingize kwenye hesabu ya atomu. Haina kazi pale. Utaihitaji ukiwa umepewa ujazo bila tungamo, au ukiwa huna hakika kitu ulichoshika ni nini. Hili la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Rangi ni ileile. Ukigawanya gramu zake kwa 63.55, ambayo ni tungamo ya moli ya shaba, unapata karibu nusu tu ya atomu zilizomo, na hakuna hatua ya hesabu itakayokuonyesha kosa. Densiti ndiyo inayomuumbua: shaba ni gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, huyu wa bandia yuko kati ya 3 na 4.

Lakini densiti nayo ipimwe vizuri, na hapa ndipo mambo huharibika. Mwanafunzi anakunja waya, anautumbukiza kwenye silinda ya mililita 100 na kusoma maji yalivyopanda. Ujazo wa waya ule ni mililita 2.5 tu, na silinda ina mistari ya mililita moja moja. Akikosea nusu mstari, amekosea asilimia 20. Juu ya hapo, viputo vya hewa vimejificha katikati ya mikunjo, maji yanapanda kupita kiasi, densiti inashuka, na shaba halisi inaanza kufanana na ya bandia. Waya unatupwa bure.

Fanya hivi badala yake. Chemsha maji yatoe hewa, yaache yapoe, weka tone moja la sabuni ya maji. Weka bika la maji hayo juu ya mzani wa kidijitali, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga waya kwa uzi mwembamba, uuzamishe wote ukiwa umeushika kwa juu, utikise kidogo viputo viachie. Gramu zinazosomeka ndizo sentimita za ujazo: kwa mita yetu, 2.5. Waya usiguse kitako wala ukuta wa bika. Ukigusa kitako, mzani unaanza kubeba waya wenyewe, na namba itaruka kuelekea 22.4, ambayo ni tungamo yake yote. Gawanya 22.4 kwa 2.5, unapata 8.96. Hapo una haki ya kuandika 22.4 ÷ 63.55 = moli 0.352, kisha atomu 2.12 × 10²³.

Ukipata ujazo kwa rula, kumbuka sentimita moja ya ujazo ni milimita 1000 za ujazo, si 10. Mita yetu ni milimita za ujazo 2500. Ukizigawa kwa 10 unapata 250, na waya wa mita moja utakuwa na zaidi ya kilo mbili. Ushike mkononi uone kama inaingia akilini.

Usidhani kizito ndicho chenye atomu nyingi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ni gramu 11.34 na ina atomu 3.30 × 10²². Ya alumini ni gramu 2.70 tu, lakini ina 6.03 × 10²². Atomu moja ya risasi ina tungamo karibu mara nane ya ile ya alumini, kwa hiyo chache tu zinatosha kujaza mzani.

Kwenye kalkuleta andika 6.022, bonyeza EXP, kisha 23. Ukitanguliza "× 10" umezidisha jibu mara kumi.

Chumvi na sukari usizipime kwa maji, zitayeyuka; tumia mafuta ya taa, na gramu utakazosoma uzigawe kwa densiti ya mafuta hayo. Sodiamu usiikaribishe kabisa kwenye maji, inalipuka.