Kabla ya kuhama nyumba ukiwa bado unapokea mafao ya ukosefu wa ajira Marekani

Watu wengi hudhani kubadili anwani ni shughuli ya baada ya kuhama, ukishatulia na mizigo imefunguliwa. Kwenye mafao ya ukosefu wa ajira mpangilio huo unaweza kukugharimu pesa, kwa sababu muda wa kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa idara ya ajira ya jimbo lako hauhesabiwi tangu siku uliyofungua bahasha. Unahesabiwa tangu siku idara ilipoituma barua, na tarehe hiyo imechapwa juu ya barua yenyewe. Texas inakupa siku 14 za kalenda. Ohio ni siku 21, California na New York siku 30. Barua ya Texas ikizunguka siku kumi kati ya nyumba ya zamani na mpya, umebakiwa na siku nne za kuisoma, kutafuta mtu wa kukuelewesha na kuandika rufaa. Ikirudishwa idarani, hutajua hata kama kuna uamuzi uliotolewa dhidi yako mpaka siku malipo yatakapokatika.

Kwa hiyo iarifu idara mara tu unapojua tarehe ya kuhamia na una uhakika wa kupokea barua huko. Usingoje siku ya kudai malipo.

Posta nayo unaijulisha, lakini usiitegemee peke yake. Fomu PS 3575, ambayo hujazwa kwenye ofisi yoyote ya posta au mtandaoni, huifanya posta ikufuatishie barua za kawaida kwa miezi 12. Tatizo ni kwamba baadhi ya bahasha za serikali na za benki huchapwa agizo la kurudishwa kwa mtumaji badala ya kufuatishwa, hasa zenye kadi za malipo. Posta haivunji agizo hilo. Wala haiiambii idara ya ajira kwamba umehama: hizo ni kazi mbili tofauti, na zote mbili ni zako.

Kabla hujaingia kwenye akaunti yako ya mafao kwenye tovuti ya idara, weka mezani namba ya Social Security, namba ya dai kama jimbo lako linatoa, nywila, na simu ile ile uliyoiandikisha. Simu ndiyo inayokwamisha wengi. Namba ya siri ya kuingilia hutumwa kwenye laini iliyoandikishwa, na mtu aliyeikata laini ya zamani hawezi tena kuingia kwenye akaunti yake kurekebisha chochote. Kama unabadili na simu pia, ingiza namba mpya wakati ya zamani ingali hai.

Anwani yenyewe iandike kama posta inavyoitambua: namba ya jengo, mtaa, namba ya apatimenti, mji, jimbo, na tarakimu tano za eneo (ZIP code). Kosa la kila siku ni kuacha namba ya apatimenti. Jengo lenye milango mia, barua isiyo na namba haifiki. Ukihamia kwa ndugu, kama wanavyofanya wengi wetu miezi ya mwanzo, andika jina lako kwenye sanduku la barua la nyumba hiyo, kwa kuwa mpeleka barua asiyelikuta jina anaweza kuirudisha. Angalia pia kama fomu ina sehemu mbili, anwani ya makazi na anwani ya barua. Sanduku la posta linafaa kwa barua tu. Kwenye makazi andika unapolala kweli.

Ukimaliza, piga picha ya skrini inayoonyesha mabadiliko na tarehe. Kama umetoa taarifa kwa simu, andika siku, saa na jina la aliyekuhudumia. Na tunashauri usibadili anwani na akaunti ya benki siku moja. Matapeli wanaoiba akaunti za watu hufanya hivyo hivyo, na mifumo ya idara inaweza kusimamisha malipo mpaka uthibitishe upya wewe ni nani.

Kuna milango mingine ya kugonga. Ukilipwa kwa kadi, benki iliyoitoa ina kumbukumbu zake, kwa hiyo iambie moja kwa moja, la sivyo kadi mpya itatumwa ulikotoka. Ukiwa na rufaa inayosubiri, ofisi ya rufaa nayo ijulishwe, pamoja na namba ya simu. California, kwa mfano, rufaa husikilizwa na bodi iliyo tofauti na EDD, idara ya ajira ya jimbo hilo, na kuiambia moja hakuiambii nyingine. Rufaa nyingi husikilizwa kwa simu, na siku na saa huja kwa barua. Aliyekata rufaa asipopatikana, inaweza kutupwa bila kusikilizwa. Hali ni hiyo hiyo kwa wito wa RESEA, kikao cha lazima cha kukagua juhudi zako za kutafuta kazi: ukikosa bila sababu ya maana, malipo yanaweza kuzuiwa.

Kuhama jimbo ndiko kunakochanganya zaidi. Tuseme ulifanya kazi Texas, ukaachishwa, sasa unahamia Iowa kwa jamaa. Dai lako linabaki Texas, kwa sababu mafao hulipwa na jimbo ulikopata mshahara, si unakoishi. Usifungue dai jipya Iowa. Endelea kuomba malipo Texas kila wiki mbili kama zamani, ila waambie anwani mpya, kisha jiandikishe kama mtafuta kazi kwenye ofisi ya ajira ya Iowa na utunze ushahidi wa kujiandikisha. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika, na kuikosa kunaweza kusimamisha malipo ya mtu aliyetimiza mengine yote. Ulizia pia idadi ya hatua za kutafuta kazi unazodaiwa kila wiki. Hata ndani ya Texas yenyewe idadi hiyo hutofautiana kati ya kaunti na kaunti, kwa hiyo kuhama mji tu kunaweza kuibadili.

Kwenye fomu ya kudai malipo kuna swali kama ulikuwa tayari na uwezo wa kufanya kazi wiki hiyo. Kama siku tatu ulikuwa njiani na gari la mizigo na usingeweza kuitikia kazi, sema hivyo. Huenda ukapoteza sehemu ya wiki. Lakini jibu la uongo likigunduliwa utarudisha pesa zote pamoja na adhabu isiyopungua asilimia 15, ambacho ni kiwango cha chini kilichowekwa na sheria ya shirikisho.

Safari ya kwenda Nairobi, Goma au Dar es Salaam si kuhama anwani. Mtu aliye nje ya nchi kwa kawaida hahesabiwi kuwa tayari kwa kazi, kwa hiyo usidai wiki hizo, na usimwachie ndugu nywila akudaie.

Kwa asiye raia wa Marekani kuna wajibu wa pembeni usiohusu mafao lakini unaoanzishwa na kuhama kule kule. Wenye kadi ya kijani, wakimbizi na wageni wengine wengi wanatakiwa kuijulisha USCIS, idara ya shirikisho ya uraia na uhamiaji, kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10 za kuhama. Mwenye kesi kwenye mahakama ya uhamiaji hujaza fomu EOIR-33 ndani ya siku 5. Usidhani idara ya ajira itakufanyia.

Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili unapopiga simu. Ni bure, na idara zinazopokea fedha za shirikisho zinawajibika kukusaidia kwa lugha unayoielewa. Ukiona Kiswahili cha Kongo ndicho unachokielewa vizuri, kiombe kwa jina hilo tangu mwanzo. Usimtumie mtoto kukutafsiria, kwani anaweza kuchanganya maneno: kuachishwa na kuacha kazi hutenganisha anayelipwa na asiyelipwa.

Hata ukishapata kazi na mafao yakakoma, ukihama tena mwaka huo rekebisha anwani kwenye akaunti ile ile. Mafao hutozwa kodi ya shirikisho, na fomu 1099-G yenye jumla ya ulichopokea hutolewa kufikia Januari 31 ya mwaka unaofuata. Majimbo mengi huiweka pia ndani ya akaunti, hivyo itunze nywila yako mpaka uwe umeipakua na kuwasilisha kodi.