Namna ya Kuusikiliza Muziki Uliompa Morricone Oscar Akiwa na Miaka 87

Wengi wetu hapa Kisumu tulimjua Ennio Morricone kwa ule mluzi wa filamu za kaboi, na ndiyo maana anayeusikiliza muziki wa filamu ya The Hateful Eight akiutarajia mluzi huo huuacha mapema. Mtunzi huyu wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1928, aliteuliwa kuwania tuzo ya filamu ya Oscar mara 5 bila kushinda, akapewa ile ya heshima mwaka 2007, na Februari 2016 ndipo aliposhinda kwa kazi hii aliyomtungia mwongozaji wa filamu hiyo, Quentin Tarantino.

Kwanza chagua saa. Mvua ya jioni ikishaanza kupiga mabati, hakuna utakachosikia. Asubuhi ni afadhali. Pili, usitumie spika ya simu. Nilipoujaribu kwa simu mara ya kwanza nilidhani rekodi ni mbovu, kumbe sauti nzito zilizoubeba wimbo zilikuwa zimemezwa zote. Azima spika ya kwaya, au vaa visikizi.

Anza na wimbo uitwao L'ultima diligenza di Red Rock, unaochukua zaidi ya dakika 7, na uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza, bila picha, ifuate basuni, yaani zumari refu la mbao lenye sauti ya chini, ambalo ndilo linaloshika wimbo wenyewe. Mara ya pili liache zumari, usikilize mapigo yanayorudiwarudiwa chini yake. Ukiweza, keti na mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa sababu mtu aliyezoea kurudia mzunguko uleule kwenye nyuzi 8, huku pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ubao, hutambua upesi kwamba marudio hayachoshi mradi kuna kitu kinachobadilika juu yake. Mimi sikuling'amua hilo mpaka nilipoonyeshwa.

Mara ya tatu washa picha: msalaba uliofunikwa na theluji, na gari la farasi linalokuja polepole. Jiulize umeanza kuwashuku wasafiri hao saa ngapi, ilhali hakuna aliyekwisha kusema neno.

Ukiendelea na filamu utakuta vipande vyenye rangi tofauti kidogo. Usishangae, kwani baadhi yake Morricone aliviandikia The Thing ya mwaka 1982, nayo filamu ya theluji, vikabaki bila kutumika.