Kukadiria saa za safari ndefu ya ndege

Ukiona tiketi inaonyesha unafika mapema kuliko ulivyoondoka, usidhani imekosewa. Ndege ya kutoka Sydney kwenda Los Angeles huruka asubuhi na kutua asubuhi ya siku hiyohiyo, saa za kule zikiwa bado nyuma. Nyakati za kwenye tiketi ni za kila uwanja na mahali pake, kwa hiyo usizitoe moja kwa nyingine kabla hujazigeuza ziwe za eneo moja.

Mimi huanza na umbali. Gawanya kilomita kwa 850, yaani mwendo wa ndege kwa saa, kisha ongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kuzungukazunguka uwanjani. London hadi New York ni kama kilomita 5,540, hivyo unapata saa 7 hivi. Lakini kwenda huchukua karibu 8, kurudi 7 au pungufu, maana huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukielekea magharibi katika safari ndefu kama hiyo, jiongezee saa moja.

Umbali wenyewe upime kwa kuvuta uzi juu ya tufe, si kwa rula juu ya ramani bapa. Ndiyo maana ndege hiyo ya New York hupinda kaskazini; kwenye ramani inaonekana inazunguka bure, kumbe ndiyo njia fupi.

Ukibadilisha ndege njiani, hesabu kila kipande peke yake, na saa za kusubiri uziongeze mwishoni.