Amplifaya ya mzee usiipeleke kwa chuma chakavu, iunge na waifai ipige nyumba nzima

Kila msimu wa korosho ukilipa naona yaleyale, watu wananunua sabufa mpya zenye mataa halafu ile amplifaya ya zamani ya Pioneer au JVC inaenda kupimwa kwa kilo. Jamani tulieni. Ile mashine kama bado inawaka na spika zake hazijachanika inapiga vizuri kuliko sabufa nyingi za bei hiyohiyo, na kuiingiza kwenye mfumo wa muziki wa waifai, yaani unapiga wimbo mmoja sebuleni, chumbani na barazani kwa pamoja, wala sio kazi ya fundi mkubwa.

Kwanza igeuze uangalie mgongoni. Unatafuta vile vitundu vya mviringo viwiviwili, chekundu na cheupe, vilivyoandikwa AUX, CD, TUNER au TAPE PLAY. Chochote kati ya hivyo kinafaa. PHONO usiguse kabisa, ile ni ya santuri tu, inakuza sauti ndogo sana ya sindano na kuongeza besi, ukichomeka simu pale utasikia makelele yamepasuka. Na zile waya za kwenda kwenye spika nazo sio mlango wa kuingilia, ile ni njia ya kutokea. Kama ni mashine ya Ulaya kama Grundig au Philips ya zamani unaweza kukuta tundu moja la duara lenye vishimo vitano, usikate tamaa, adapta ya kutoka hapo kwenda waya nyekundu na nyeupe ipo.

Halafu umeme. Mashine nyingi za mtumba za Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120, sisi huku ni 230, ukichomeka moja kwa moja umeiaga. Soma kibandiko cha nyuma. Kama kuna swichi ya kuchagua volti iweke kwenye 220 au 240 kabla hujawasha, kama haipo tafuta transfoma ya kushusha yenye wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye mashine.

Sasa kifaa cha kupokea muziki kwa waifai na kuuingiza kwenye amplifaya. Hapa mfuko wako ndio unaamua. Sonos Port ni kifaa kizuri sana ila bei sio ya mchezo, ilipotoka 2019 ilikuwa dola 399, na hiyo ni ya chumba kimoja. WiiM, nayo ni kifaa cha aina hiyohiyo, ni ya bei nafuu zaidi na kwa maoni yangu ndiyo ya kununua kama unanunua kipya. Chromecast Audio ya Google ilikuwa dola 35 tu lakini waliacha kuitengeneza 2019, utaipata ya mtumba, ila ujue Machi 2025 zilikwama dunia nzima kwa sababu cheti chake cha ndani, kile cha kidijitali cha kuthibitisha kuwa kifaa ni halali, kiliisha muda mpaka Google wenyewe wakazirekebisha, kwa hiyo mimi nisingeijengea nyumba nzima juu yake.

Ila kwa wengi wetu jibu liko kwenye droo, simu ya Android ya zamani yenye kioo kilichopasuka lakini tundu la hedifoni bado zima. Nunua waya wenye pini ya hedifoni upande mmoja na RCA nyekundu na nyeupe upande wa pili, chomeka AUX, weka programu kama SoundSeeder, simu moja inakuwa ndio inayopiga na simu za vyumba vingine zinakuwa spika, zinafuatana kwa waifai. Anayependa kuchokonoa achukue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, aweke programu ya Snapcast, ni ya bure na inafanya vyumba vyote viende pamoja vizuri mno. Sauti ya simu iliyounganishwa ipandishe karibu na mwisho uiache hapo, kuongeza na kupunguza fanyia kwenye amplifaya.

Mtu atauliza kwani Bluetooth ina ubaya gani. Haina ubaya kwa chumba kimoja, ila inafika kama mita 10 hivi na kwa kawaida inashika kifaa kimoja, ukichanganya Bluetooth sebuleni na waifai chumbani wimbo utakuwa unajirudia kama mwangwi. Chagua mfumo mmoja ukae nao vyumba vyote.

Na hii ndio watu hawaamini: nyimbo zikiwa kwenye simu yako au memori kadi bando haliliwi. Muziki unatembea ndani ya waifai ya nyumbani tu, haujatoka nje. Rauta isiyo na bando inatosha, hata hotspoti ya simu inafanya kazi. Spotify na wenzake ndio wanakula bando. Siku ya kwanza tu weka kidogo maana vifaa vipya vinataka kujisajili na kujisasisha. Simu ikikwambia waifai hii haina intaneti mwambie ibaki hapohapo, na zima data, la sivyo itahamia kwenye laini kimyakimya na muziki unakatika. Vifaa visipoonana kabisa angalia kama hujaunganisha kwenye waifai ya wageni, ile huwa inavitenganisha makusudi.

Kuta nazo ni kesi. Nyumba ya tofali za bloku Chikongola au Magomeni hapa Mtwara waifai inapita bila shida kubwa, lakini zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe kule Mikindani ukuta wake mnene unaimeza. Kwenye rauta tumia waifai ya 2.4 GHz badala ya 5 GHz, inapenya zaidi, na rauta iweke katikati ya nyumba juu ya kabati, sio nyuma ya friji.

Ukisikia mvumo wa mmm chini ya muziki chomoa chaja ya simu kwanza. Ukikoma basi tatizo ni chaja, jaribu nyingine au weka kile kifaa kidogo cha kukata mvumo kati ya waya na amplifaya. Ukiwa ni mkwaruzo kila ukizungusha kitufe cha sauti, hiyo mara nyingi ni vumbi au kutu ya hewa ya bahari, zima, chomoa, puliza dawa ya kusafishia kontakti ndani ya kitufe, kizungushe mara nyingi, iache ikauke. Vitundu vya nyuma visugue na pamba yenye spiriti.

Na kama una deki ya kaseti unataka taarab zako zisikike mpaka barazani, toa waya REC OUT ya amplifaya uchomeke LINE IN ya WiiM au Port, vyumba vingine vitapokea. Sauti itachelewa kidogo huko, kwa kaseti hakuna tabu, kwa mpira kwenye tivii utasikia goli baada ya majirani.