Kujikinga na maambukizi ya mkojo baada ya kibofu kupimwa kwa kamera

Kabla ya kipimo, mweleze daktari iwapo unahisi maumivu unapokojoa, kwa kuwa kifaa kikipitishwa penye maambukizi kinaweza kuwasukuma bakteria hadi kwenye damu. Ukirudi nyumbani, kunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama umewekewa kiwango kwa sababu ya moyo au figo, wala usibane mkojo. Mchomo mdogo na mkojo wa rangi ya waridi kwa siku 1 au 2 ni jambo la kawaida. Tafadhali usijinunulie antibiotiki dukani. Si kila mgonjwa anazihitaji, na matumizi holela huzalisha usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Lakini ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, mabonge ya damu au kushindwa kukojoa, nenda hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane.