Namna ya kutafuta kura kwenye miji ya Wasukuma, Usangu

Ukigombea udiwani huku Mbarali, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, ukaishia miji midogo ya Ubaruku na Rujewa, utaongea na watu ambao wagombea wote wameshaongea nao. Kura ambazo hazijafuatwa na mtu ziko ndani, kwenye miji, yaani maboma ya familia, ya Wasukuma wafugaji, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka lami. Nimezifuata katika kampeni mbili, nikimpigia debe mgombea. Ya kwanza tulishindwa, na kosa kubwa lilikuwa langu.

Nilikwenda na daftari. Nilishuka, nikasalimia "Kamwene" kama niko kwetu, nikaanza kuuliza majina, namba za simu na idadi ya watu wa kaya. Mzee akanijibu kwamba wote wamesafiri, na huku nyuma ya nyumba nasikia kinu kinatwangwa. Kijana mmoja ndiye aliyenifumbua macho wakati ananisindikiza: "Mama, huku mtu wa daftari ni mtu wa kuhamisha ng'ombe." Wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhi oevu ya huku Usangu, mwaka 2006, na wengine walipelekwa hadi Lindi. Mimi nilidhani nahesabu wapiga kura.

Kwa hiyo siku ya kwanza nenda mikono mitupu, na mtu wa kwao. Usimchukue kijana mwenye maneno mengi mnadani. Mtafute mama anayeuza mchele wake Ubaruku na ana ndugu kule ndani, au mzee ambaye wenzake humwita kusuluhisha kesi za mahari. Asubuhi sema "Mwangaluka", jioni "Mwadila". Ukipewa maziwa mgando kunywa, hata kama tumbo lako limezoea chai. Siasa iache mpaka uulizwe umekuja kufanya nini.

Siku ya pili ndiyo kazi yenyewe: kikao cha nyumbani. Hili sikulibuni. Nilisoma habari za Los Angeles, Marekani, ambako Edward Roybal, mwenye asili ya Meksiko, aligombea udiwani wa jiji mwaka 1947 akashindwa. Wenzake hawakumwongezea majukwaa. Walijenga chama cha kijamii na mwanaharakati mmoja, Fred Ross, wakawa wanakutana sebuleni kwa watu, nyumba baada ya nyumba, wakiongea Kihispania, na wakapita mlango kwa mlango kuandikisha watu ambao hawajawahi kupiga kura. Mwaka 1949 Roybal akashinda. Nikajisemea, sebule sisi hatuna, lakini mti wa kivuli upo.

Mwombe mwenye mji awaite majirani zake, watu kumi, wasizidi kumi na watano. Awaite yeye, maana akiwaita yeye ni wageni wake, ukiwaita wewe ni mkutano wa chama. Chagua jioni, ng'ombe wakishaingia zizini. Mgombea aongee dakika kumi, kisha anyamaze. Wa kwetu alikuwa mwalimu mstaafu, na kumnyamazisha ilikuwa kampeni nyingine ndani ya kampeni. Maadili ya uchaguzi yanataka mgombea atumie Kiswahili, na pale kisipoeleweka awepo mkalimani. Msitumie mkalimani wa kukodi kutoka mjini. Yule mama wa mchele anatosha. Wanawake wakikaa mbali kimya, usiwalazimishe kusogea. Mwenzako wa kike awafuate jikoni. Sisi tulikuta huko ndiko lilikosemwa jambo la maana: wanaume walitaka josho, wanawake walitaka zahanati, kwa sababu mjamzito hawezi kupakiwa pikipiki kwenye njia ile.

Kabla hamjaachana, uliza nani ataita kikao kijacho kwake. Hapo ndipo utajua kama umekubalika. Asipojitokeza mtu, rudi ukanywe maziwa tena.

Usigawe kitu. Khanga, sukari na hela ya soda vitakuponza. Mahakama Kuu ilifuta takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inabana zaidi. Mabango nayo yaache barabarani, kule ndani mbuzi watayala.

Sasa kadi. Mwaka ule tulioshindwa, watu waliotushangilia walifika kituoni na kadi za kupigia kura za Meatu na Chunya, wilaya walikotoka. Jina likiwa kata nyingine, kura ya diwani hapa hupigi. Kwa hiyo Tume ya Uchaguzi inapofungua kazi ya kuboresha Daftari la Wapiga Kura, miezi mingi kabla ya kampeni, wewe uwe umeshaanza kupita. Wakati huo usitaje mgombea wala chama. Waambie tu aliyehama ahamishe taarifa zake, na aliyetimiza miaka 18 ajiandikishe. Kampeni ya pili tulianzia hapo.

Bado kuna vijana wa machungani. Oktoba malisho yamekauka, wanatoka alfajiri kwenda mbali, na vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Kaa na mzee wa mji wiki moja kabla, awagawe zamu: nusu wapige kura asubuhi kisha wawapokee wenzao mifugo, nusu nyingine iwe imefika kituoni ifikapo saa 8. Atakayechelewa akimbilie kwenye foleni, kwa sababu aliyekuta saa 10 yuko kwenye mstari anapiga kura.