SOMO: Shubiri ya kopo, tangu kuipanda hadi kuupata ute

Wengi tuliijua shubiri kwa ulimi kabla ya macho: mama aliipaka kwenye titi siku ya kutuachisha ziwa. Uchungu ule umo kwenye utomvu wa njano ulio chini ya ganda, si kwenye ute wa katikati.

1. Usinunue mche. Omba kwa jirani mtoto wa shubiri, yale machipukizi yanayoota ubavuni mwa mama, mwenye majani manne au matano na mizizi yake.

2. Mwache kivulini siku 2 au 3 kidonda kikauke. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanang'oa, wanapanda na kumwagilia papo hapo, wiki ya pili mche umeoza.

3. Toboa kopo chini, changanya udongo na mchanga nusu kwa nusu, panda. Maji baada ya siku kama 5. Kuanzia hapo chomeka kidole. Kikitoka na unyevu, weka ndoo chini. Izoeshe jua taratibu.

4. Ikishakomaa, miaka 2 au 3, kata jani la nje kabisa. Lisimamishe kwenye kikombe, penye mkato pawe chini, dakika 15. Utomvu utachuruzika, una harufu ya kwapa. Umwage. Osha jani, kata miiba, menya, chota ute kwa kijiko.

Umeungua na sufuria? Kwanza maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, ndipo upake. Kuungua kwa kina, nenda hospitali.

MASWALI

— Mkuu, yangu imelainika chini na kuwa kahawia.
Maji hayo. Ing'oe, kata palipooza, ikaushe, anza upya hatua ya 2.

— Mke wangu ni mjamzito na tumbo limefunga. Anywe kidogo?
Hapana, ndugu yangu. Ule utomvu unaendesha vibaya na kusokota tumbo. Mpeleke kliniki.

— Naiweka kwenye maji ya kuku, inazuia kideri?
Nyumbani kwetu tuliiweka miaka yote, na kideri kilipokuja kikafagia banda. Chanjo, dada.

— Ile ya porini yenye madoa inafaa?
Jamii za shubiri ni nyingi na nyingine zina sumu. Iache ikae uani kama ua.